Visu Vinne Vidogo na Msimu Mmoja wa Machungwa

Nina kitalu cha miche ya michungwa na miembe karibu na Muheza, mkoani Tanga, na katika kazi hii haipiti saa bila mkono kutafuta kisu. Kuna kamba ya katani ya kukata, mfuko wa mbolea wa kufungua, viriba vya kuchana, vigingi vya kuchonga ncha, na jua likishapanda kuna chungwa la kumenya chini ya mwembe. Kwa miaka mingi nilibeba kisu chochote kilichokuwa karibu, mara nyingi kisu cha jikoni kilichoviringishwa kwenye gazeti. Msimu uliopita niliamua kulipa jambo hili uzito unaostahili: nikakusanya visu vinne vidogo visivyokunjwa, nikatembea na kila kimoja kwa majuma kadhaa, na nikavipa vyote kazi zile zile.

Viwili vilikuwa vya Morakniv ya Sweden, yaani Companion na Eldris. Cha tatu kilikuwa kisu cha kumenyea cha Victorinox ya Uswisi, kile chenye bapa la sentimita 8 ambacho wengi wamewahi kukiona jikoni bila kukijua jina. Cha nne kilifuliwa na mhunzi wa hapa kwetu kutokana na springi ya gari.

Kabla ya kukieleza kimoja kimoja, ni lazima niseme nilivipima kwa lipi, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Maelezo mengi ya kuchagua kisu yanayosomwa mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaoingia porini kwa mapumziko wakiwa na kisu kimoja tu kiunoni. Mtu wa namna hiyo anataka kisu chake kipasue kuni, kwa hiyo hukipigilia mgongoni kwa gogo hadi kipenye ukuni mzima, na kwa kazi hiyo ana haki ya kudai bapa nene na msuka, yaani mkia wa bapa uliomo ndani ya mpini, unaofika mwisho wa mpini huo. Sisi tuna panga nyuma ya mlango. Kuni hupasuliwa kwa shoka, nazi na mua hukatwa kwa panga, na majani hufyekwa kwa fyekeo, kwa hiyo kazi zinazobaki kwa kisu kidogo ni zile zinazohitaji wepesi na ukaribu wa vidole. Anayenunua kisu cha milimita 4 ili akimenyee chungwa amenunua panga fupi, na atajuta siku ya kwanza.

Swali la kwa nini kisikunjwe lina jibu fupi. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo hukusanya mchanga, utomvu wa embe na maji ya matunda, vitu ambavyo hukauka humo ndani hadi kisu kikawa kigumu kufungua kwa mkono mmoja. Kisu kisichokunjwa huoshwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa, basi. Tena hakiwezi kufungana ghafla juu ya vidole, jambo ambalo huwapata wengi wanaosukuma ncha ya kisu cha kukunja kisicho na kizuizi imara.

Hata hivyo kisu kisichokunjwa kinakuja na sharti lake kubwa, nalo ni ala. Miaka michache iliyopita nilinunua kisu kimoja cha bei nafuu katika duka la mjini, kikiwa na ala ya kitambaa cha nailoni iliyoshonwa vizuri kwa macho. Nilikuwa nimeinama nikipanga miche kwenye gari, ncha ikapenya kitambaa, ikapita suruali na kuingia pajani kiasi cha nusu ya kucha. Kidonda hakikuwa kikubwa, lakini tangu siku hiyo nikipewa kisu cha kukagua naanza na ala, na bapa hufuata baadaye. Ala nzuri ni ngumu kiasi cha kutoweza kubonyezwa na ncha, hukibana kisu kwa nguvu ya kutosha hata ukikigeuza kichwa chini na kukitikisa hakitoki, na wakati huo huo hukiachia kwa msukumo wa kidole gumba peke yake. Ala ya ngozi inapendeza, ila kwenye unyevu wa pwani yetu hunyonya maji na kuyaweka shavuni mwa chuma usiku kucha, na dawa za kulainishia ngozi zikichanganyika na unyevu huo huzaa kutu. Ikiwa una ala ya ngozi, itumie mchana na ukitoe kisu unapolala.

Kwa kipimo hiki cha ala, Morakniv wanastahili sifa. Kampuni hiyo ina mizizi yake katika mji wa Mora, jimboni Dalarna, ambako kiwanda kilianza mwaka 1891, na visu vyake vimekuwa vya mafundi seremala, wavuvi na wanajeshi wa nchi za kaskazini kwa vizazi kadhaa. Companion huja na ala ya plastiki ngumu yenye kibanio cha mkanda na tundu la kutolea maji chini, na kisu kinapoingia husikika mlio mfupi wa kujifunga. Mpini wake umefunikwa mpira unaoshikika hata mkono ukiwa umelowa. Bapa lina urefu wa kama sentimita 10, unene wa milimita 2.5 kwa kile cha chuma kisichoshika kutu, na milimita 2 kwa kile cha chuma cha kaboni. Bei yake ni ya chini mno ukilinganisha na ubora wake, na ndiyo maana watu wanaovijua visu hukirudia kila mara wanapoulizwa mtu aanze na kipi.

Nilipokipa kazi ya kuchonga vigingi hakuna kilichokikaribia. Makali ya visu vya Mora yamenolewa kwa mteremko mmoja mpana kila upande, unaoanzia pembeni mwa bapa hadi kwenye makali yenyewe bila mteremko wa pili, na pembe ya miteremko hiyo miwili kwa pamoja ni kama digrii 25. Mteremko huo ukilazwa juu ya mti hutulia kama randa ya seremala: unasukuma, nywele ya mti inajikunja, na kigingi kinapata ncha kwa mapigo matano au sita. Kwa mtu ambaye siku yake ni miti, kamba na magunia, makala hii ingeweza kuishia hapa.

Lakini mimi siku yangu ina matunda pia, na jaribio lililonifundisha zaidi halikufanywa na mimi. Nilikuwa safarini kuelekea Korogwe, visu vyote vinne vikiwa ndani ya ala zake chini kabisa ya begi, nikashuka Segera, pale barabara ya Tanga inapokutana na ile inayotoka Chalinze kwenda Moshi na Arusha, na ambapo wauza machungwa hulizunguka kila basi linaposimama. Kando yao aliketi mzee mmoja nyuma ya tenga lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikanunua machungwa manne na kumwomba anisaidie kumenya kila moja kwa kisu tofauti. Hakuniuliza sababu. Alikipokea Companion, akakipima uzito kwa kukirusharusha kidogo kiganjani, akaanza.

Anayemenya chungwa kwa ufundi hausogezi mkono wenye kisu. Kisu hutulia, kidole gumba hukaa juu ya tunda, na chungwa ndilo linalozunguka kukifuata kisu, ganda likitoka kama utepe mwembamba na kuacha nyama nyeupe ya ganda bila kufikia maji ya tunda. Mikononi mwa mzee yule utepe wa Companion ulikatika mara tatu, na mara moja makali yaliingia ndani kiasi cha kutoa juisi. "Hiki kinazama," alisema bila kuinua macho. "Kisu cha chungwa hakizami, mwanangu, kinateleza." Alipochukua Eldris utepe ulikatika mara moja tu, lakini alilalamikia mpini uliomjaa mkono kama gunzi la mahindi. Kile cha mhunzi alikigeuza, akapitisha kidole kwenye mgongo wake, akanirudishia bila kukijaribu na kusema, "Hiki kapasulie nazi." Kisha akachukua kisu cha Victorinox, na utepe ukatoka wote, kuanzia kwenye kikonyo hadi kitakoni mwa chungwa, ukaning'inia mzima hadi ukagusa magoti yake.

Nimelifikiria sana tukio lile, na sababu yake inaeleweka. Companion ni kikali kuliko visu vingi, ila nyuma ya mteremko wa makali bapa linakuwa limeshafika unene wake wote. Makali yakishaingia kwenye ganda, mabega ya bapa hufuata na kulisukuma ganda kando, na kisu hutafuta njia ya kwenda chini. Ni jambo lile lile linalofanya karoti ipasuke kwa mlio badala ya kukatika. Kisu cha kumenyea kimeanza kupunguzwa unene tangu karibu na mgongo, kwa hiyo kinapoingia hakuna bega la kusukuma chochote. Ukali wa makali na wembamba wa bapa ni vitu viwili tofauti, na muuzaji akikuonyesha kisu kinachonyoa nywele za mkono amekuonyesha kimoja tu kati ya hivyo.

Eldris inastahili maelezo yake kwa sababu ndiyo iliyobuniwa hasa kwa ajili ya mtu anayetaka kutembea na kisu kila siku. Bapa lake halifiki sentimita 6, unene ni milimita 2, na kisu kizima kikiwa ndani ya ala hulala mfukoni bila kuonekana. Ala yake ni ya pande zote, yaani kisu huingia hata bapa likiwa limegeuziwa upande wa pili, jambo linalomfaa anayetumia mkono wa kushoto sawasawa na anayetumia wa kulia. Wengine huivaa shingoni kwa kamba. Mpini ni mnene kwa makusudi, ili kisu kifupi kiweze kushikwa na mkono mzima, na kwa kazi za kamba na magunia ninauona kuwa uamuzi mzuri: nilikata kamba za katani asubuhi nzima bila kiganja kuchoka. Kwa matunda makubwa, bapa ni fupi. Embe dodo halikatwi shavu moja kwa mkupuo mmoja, na papai ndiyo kabisa. Jambo jingine la kulifikiria ni kwamba Eldris, ijapokuwa ndogo, kwa kawaida huuzwa ghali kuliko Companion, kwa hiyo unalipia udogo na ala, wala hupati chuma kilicho bora zaidi.

Chuma chenyewe, kwa visu hivyo viwili vya chuma kisichoshika kutu, ni 12C27 kilichobuniwa na Sandvik ya Sweden. Kina kaboni ya kama asilimia 0.6 na kromiamu ya kama asilimia 13.5, na Morakniv hukipasha moto na kukipoza hadi kipate ugumu wa kati ya 56 na 58 kwa Rockwell, kipimo cha ugumu wa vyuma. Kwa lugha ya kazi maana yake ni kwamba kinashika makali kwa siku kadhaa za matumizi ya kawaida, na kinanoleka upesi kwa jiwe la kawaida bila kuhitaji vinoo vya almasi. Wapo wanaotafuta vyuma vigumu zaidi vya bei kubwa. Mimi siwezi kuwashauri wafanye hivyo watu wanaoishi mbali na duka la vinoo, kwa sababu chuma kinachokawia kuwa butu hukawia vile vile kunoleka, na siku utakayohitaji makali utakuwa na jiwe la mtoni tu.

Kuhusu chuma cha kaboni, ambacho ndicho cha ile aina nyingine ya Companion na cha kisu cha mhunzi, nina neno kwa wenzangu wa matunda. Kinanoleka kwa raha na makali yake ni matamu, lakini tindikali ya limau, ndimu na chungwa huanza kukishambulia pale pale. Kata ndimu, kiache kisu mezani kwa muda wa kunywa chai, na ukirudi utakuta madoa ya kijivu na buluu kwenye bapa. Tunda linalofuata litakuwa na ladha ya chuma na huenda likashika weusi kwenye mkato. Madoa hayo ya bapa si kutu. Ukiyaacha yaenee sawasawa huwa kama ngozi inayolikinga bapa kidogo dhidi ya kutu nyekundu. Kutu nyekundu ndiyo ya kuogopwa, na kwa upepo wa chumvi wa Tanga mjini, Pangani au Unguja inaweza kuota usiku mmoja juu ya bapa lililosahauliwa likiwa na maji. Mtu wa bara aliye mbali na chumvi anaweza kuchagua kaboni bila wasiwasi. Wa pwani anayemenya matunda achague chuma kisichoshika kutu, naye asisahau kwamba jina hilo linaahidi zaidi ya uwezo wake, kwani hata chuma hicho huota vidoa kikiachwa kwenye chumvi.

Hapa naomba kuingiza onyo linalowahusu wenye vitalu. Kisu cha kumenyea chungwa na kisu cha kubebeshea miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, visiwe kimoja. Baadhi ya magonjwa ya michungwa, likiwemo lile la eksokotisi linalobabua gome la shina, husafirishwa kutoka mti hadi mti na makali ya kisu, na kinga yake ni kuchovya kisu kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo kila unapohama mti. Dawa hiyo hula chuma, hata kile kisichoshika kutu, na huacha vishimo vidogo kando ya makali. Mimi nina kisu cha kubebeshea kilichonolewa upande mmoja tu, kinachokaa kwenye sanduku lake na hakikati kitu kingine, na hakimo katika mashindano haya.

Sasa kisu cha mhunzi. Nilikiagiza kwa sababu ninaamini mtu anayeandika kuhusu visu katika nchi yenye wahunzi hana budi kuwapitia. Springi ya gari ni chuma kizuri. Mhunzi huyu alikipasha moto kwenye mkaa, akakifua, akakitumbukiza kwenye oili chafu, na makali aliyoyatoa yalivumilia kamba ya katani kuliko nilivyotarajia. Ubaya wake ulikuwa unene: springi ilikuja nene na mhunzi akaiacha karibu hivyo hivyo, kwa imani kwamba mteja hutaka kitu kizito. Kosa ni langu kwa sehemu, maana niliagiza kisu bila kutaja kipimo. Nilimrudia, nikamchorea bapa kwenye karatasi na kumwomba alipunguze hadi milimita 2 mgongoni na chini ya hapo kuelekea makali, akafanya hivyo kwa siku moja, na kisu kilichorudi kilikuwa kitu kingine kabisa. Ukiagiza kwa mhunzi, nenda na mchoro, taja unene, na mwombe asikipitishe kwenye mashine ya kunolea bila kukichovya majini kila baada ya muda mfupi, kwa sababu chuma kilichopata moto hadi kikageuka buluu karibu na makali kimeshapoteza ugumu wake, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Onyo hilo hilo linawahusu wanaopeleka visu vyao kwa wanoaji wa mitaani wenye jiwe la kuzungushwa kwa baiskeli. Wengi wao ni mafundi wazuri. Simama pale, uangalie cheche, na uombe maji yatumike.

Kwa kunoa nyumbani, Mora ndizo rahisi kwa anayeanza, na hili ni jambo ambalo lingeweza kumfanya mtu azichague hata kama hazimenyi vizuri. Mteremko wake mpana hulazwa wote juu ya kinoo, kwa hiyo pembe hujipanga yenyewe na mkono hauna la kubahatisha. Kisu cha Victorinox hakina mteremko mpana wa kuegemea, hivyo inabidi kuinua mgongo kiasi cha unene wa sarafu mbili juu ya jiwe na kuushikilia hapo hapo. Asiye na kinoo abandike msasa wa maji namba 600 kwenye ubao ulionyooka, amalizie kwa namba 1000, kisha alipitishe bapa mara kumi kila upande kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi. Utomvu wa embe, ndizi au fenesi uliogandamana kwenye bapa hautoki kwa maji wala haufai kukwanguliwa kwa tupa. Paka mafuta ya kupikia, subiri kidogo, futa.

Kisu cha Victorinox kinabaki, nacho ndicho kilichonishangaza. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1884 huko Ibach, na kisu hiki ni miongoni mwa bidhaa zake za bei ya chini kabisa. Uzito wake ni kama gramu 20 na ushee, hata ukikiweka kwenye mfuko wa shati hukisikii. Bapa ni jembamba kiasi cha kujipinda kidogo ukilisukuma kwa kidole, ncha inaweza kutoa mwiba kidoleni, na mpini wa plastiki huoshwa kama sahani. Mapungufu yake ni ya asili yake: makali membamba huchoka mapema kwenye katani na maboksi, mpini mdogo hautoshi kiganja kwa kazi ya nguvu, na asiyejizuia kukitumia kufungulia makopo ya rangi atakivunja ncha. Zaidi ya yote, kimetengenezwa kwa ajili ya droo ya jikoni, kwa hiyo hakina ala.

Ala nimeitengeneza mwenyewe, na nitaeleza namna kwa sababu inakigeuza kisu cha jikoni kuwa mwenzi wa safari. Chukua kipande cha bomba la plastiki la maji, lile la kijivu au jeupe, la kipenyo cha inchi moja, kirefu kuliko bapa kwa upana wa vidole viwili. Funga bapa kwa tabaka mbili za karatasi na gundi ya utepe ili ala isije ikabana mno. Lipashe bomba joto juu ya jiko la mkaa, ukiwa nje mahali penye hewa, ukilizungusha mbali na makaa hadi lilegee kama ngozi mbichi. Likianza kubadilika rangi au kutoa moshi umelisogeza karibu mno, na moshi huo haufai kuvutwa. Ingiza bapa lililofungwa ndani ya bomba laini, weka kati ya mbao mbili, kanyaga kwa uzito wako wote na usiondoke hadi lipoe. Bomba litaganda kwa umbo la bapa. Sehemu ya juu ipashe tena kidogo na uibonyeze kwa vidole, ukiwa umevaa glavu, ikumbatie mwanzo wa mpini. Hapo ndipo kisu kitakapobanwa. Toboa tundu dogo chini la kutolea maji na jingine juu la kamba. Yangu ilikataa mara mbili, ya tatu ikakubali, na hadi leo nikiigeuza kichwa chini na kuitikisa kisu hakitoki.

Kwa wanaosafiri kuna mambo machache ya kuzingatia. Kwenye ndege, kisu cha namna yoyote kiingie kwenye begi linalokwenda chini, na kwenye boti ya Unguja mizigo hupita kwenye mashine, hivyo kisu kikae ndani ya mzigo na siyo kiunoni. Kwa hapa nchini kisu cha kazi kwa mtu anayekwenda kazini hakina shida, lakini kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu ni kosa, na Companion iliyoning'inia mkandani ndani ya daladala iliyojaa huwatia watu hofu hata kama nia yako ni machungwa. Hilo ndilo lililoniondolea kwanza kile kisu nilichokipenda kwa kuchonga. Ndugu zetu walio Uingereza wao wana sheria ya mwaka 1988 inayoruhusu hadharani kisu cha kukunja tu, chenye makali yasiyozidi inchi 3 na kiungo kisichojifunga. Kisu kisichokunjwa, hata kikiwa kidogo kama Eldris, kinahitaji sababu ya msingi kama vile kazi. Kwao ushauri wa makala hii ni wa shambani na nyumbani.

Baada ya msimu mzima nimevigawa hivi. Companion ya chuma kisichoshika kutu inakaa kwenye banda la kitalu, imetundikwa kwa ala yake kwenye msumari, na kila kijana anayefanya kazi pale anaitumia. Kama ungeniuliza kisu kimoja cha kumpa mtu anayeanza kazi za shamba, ningekitaja hicho bila kusita. Eldris nimempa binti yangu anayesomea kilimo, kwa kuwa mpini ule uliomshinda mzee wa Segera yeye unamkaa sawasawa, tena hupendi kumwona mwanao na kisu kinachoweza kutoka ndani ya ala mkobani. Cha mhunzi, baada ya kupunguzwa unene, kimekuwa kisu cha kuchunia mbuzi, kazi ambayo kimeiweza kuliko vyote. Ninachobeba mimi kila siku ni kisu cha bei ndogo cha kumenyea, ndani ya ala ya bomba la maji, mfuko wa kulia. Juma lililopita nilipita tena Segera nikiwa nacho, na mzee alipokiona alinyoosha mkono kukichukua kabla sijamwomba, akachagua chungwa kubwa kuliko yote kwenye tenga.